Yanayosemwa Kuhusu Mania, na Majibu Yake

Siku ya nne halali, na hachoki. Maneno yanamtoka mbiombio. Wazo moja halijaisha, jingine limeshaingia. Pikipiki ya biashara ameiuza kwa bei ya kutupa, pesa amegawa mtaani, na usiku wa manane anawapigia simu wakubwa wa serikali kuwaeleza mpango wake wa kuiokoa nchi. Ukimzuia, anawaka. Miezi kadhaa baadaye mtu huyo huyo amejilaza akitazama ukuta, chakula hakimpiti kooni, anasema heri asingezaliwa. Hali ya kwanza ni mania, ya pili ni sonona, na ugonjwa unaozibeba zote mbili huitwa baipola. Mchangamko ukiwa wa kadiri, haujamharibia mtu kazi wala kumlaza hospitali, huitwa haipomania.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa na baipola. Kati ya wengi wao na tiba pamesimama maneno: ya jirani, ya mganga, ya mchungaji, ya muuza duka la dawa, na mengine, nasikitika kusema, ya wahudumu wa afya wenyewe. Nayajibu hapa yale ninayoyasikia mara kwa mara. Nayajibu kwa sababu yanagharimu maisha ya watu, na kwa sababu tafiti za kuyajibu zipo, baadhi yake zimefanyika hapa hapa kwetu.

"Amerogwa. Mbona mwaka juzi mganga alimtibu akapona?"

Naanza na hili kwa kuwa lina ushahidi wake. Ni kweli alipona. Aliingizwa kilingeni akifoka, wiki kadhaa baadaye akatoka ametulia, na familia nzima ilishuhudia. Anayewaambia watu hao kwamba hawakuona walichokiona hatasikilizwa, na hastahili kusikilizwa.

Ila mania ina tabia ambayo lazima ijulikane: hata isipotibiwa, kwa kawaida hupoa yenyewe baada ya wiki au miezi, kisha siku moja hurudi. Familia inayohangaika huzunguka kwa mganga wa kwanza, wa pili, wa tatu. Yule atakayekuwa na mgonjwa wakati ugonjwa unapoa ndiye atakayebeba sifa. Daktari naye angeweza kubebeshwa sifa hiyo hiyo, kwa kosa lile lile.

Hili si jambo ninalowatupia waganga peke yao. Mwaka 1949, katika hospitali moja ya Bundoora karibu na Melbourne, Australia, daktari John Cade aliwapa wagonjwa 10 wenye mania chumvi ya lithiamu, akaona wametulia. Mwaka 1954 Mogens Schou na wenzake wa Denmark walilipima jambo hilo kwa utaratibu zaidi. Baadaye Schou na Poul Christian Baastrup wakasema kubwa kuliko hilo, kwamba anayeendelea kunywa lithiamu akiwa mzima hukingwa ugonjwa usirudi. Ndipo, mwaka 1968, Barry Blackwell na Michael Shepherd wa London wakauliza kwenye jarida la Lancet kama habari hiyo ni hekaya nyingine ya tiba. Hoja yao ndiyo hasa ile ambayo sisi tunapaswa kumuuliza mganga: ugonjwa huu huja na kuondoka wenyewe, mnajuaje kwamba dawa yenu ndiyo iliyouzuia?

Wadenmark hawakujibu kwa hasira. Waliwachukua wanawake 84 ambao hali zao zilikuwa zimetulia kwa lithiamu, wakawagawa kwa kura: wengine wakaendelea na dawa, wengine wakapewa vidonge vinavyofanana nayo lakini visivyo na dawa ndani, bila wao kujua nani kapata nini. Katika miezi mitano, kati ya 39 waliokuwa kwenye vidonge vitupu, 21 waliugua tena. Kati ya 45 waliobaki na lithiamu hakuugua hata mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1970.

Huo ndio ushahidi ninaoudai kwa yeyote anayesema ametibu mania, awe na mkoba wa tunguri au shahada ya chuo kikuu. Aliyepona mmoja hatoshi. Tuonyeshwe na wale ambao hawakupewa dawa hiyo, wakaangaliwa kwa muda ule ule.

Na niseme wazi kwamba sina ugomvi na dua, kisomo wala maombi. Mtu anaweza kumeza kidonge chake na kusomewa jioni. Ugomvi wangu ni na mnyororo, njaa na kipigo vinavyotolewa kwa jina la tiba. Mwaka 2020 Human Rights Watch ilieleza kuhusu watu wenye maradhi ya akili wanaofungwa minyororo katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwa mojawapo. Hakuna kitabu kitakatifu kinachoagiza hayo.

"Hayo ni magonjwa ya Wazungu."

Wanaosema hivi huamini wanamtetea Mwafrika. Wangeshangaa kujua wamelirithi kutoka kwa nani.

J. C. Carothers, daktari wa kikoloni, alisimamia hospitali ya Mathari mjini Nairobi kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai sonona ni adimu kwa Waafrika kwa kuwa eti Mwafrika hajibebeshi wajibu wala lawama, na akafikia kumlinganisha na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata likatoka andiko lake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, ambamo watu waliodai ardhi yao waligeuzwa suala la kitabibu. Huko ndiko lilikopata nguvu wazo la Mwafrika asiyeumwa roho.

Kosa lake la kitaalamu ni jepesi kulieleza. Aliwahesabu waliofikishwa Mathari, na waliofikishwa ni wale waliosumbua: waliovua nguo sokoni, waliorusha mawe, waliokamatwa na polisi. Anayenyauka kimya chumbani kwa mama yake hapelekwi kwenye hospitali ya serikali. Daktari huyo aliona mania, hakuiona sonona, akaandika kwamba sonona haipo. John Orley na John Wing walipokwenda wenyewe katika vijiji viwili vya Uganda na kuwahoji watu nyumbani kwao, waliripoti mwaka 1979 kwamba sonona ilikuwa nyingi kuliko katika mtaa wa Camberwell, London.

Kuhusu baipola yenyewe, kazi kubwa ilifanyika Butajira, mashambani Ethiopia. Watu zaidi ya 68,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walichunguzwa katika makazi yao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yakakadiria kwamba asilimia 0.6 ya wanaume na 0.3 ya wanawake walikuwa wamewahi kuwa na baipola ya aina ya kwanza, yaani ile yenye mania kamili. Linganisha na uchunguzi wa watu 61,392 katika nchi 11 uliotolewa mwaka 2011 na Kathleen Merikangas na wenzake: asilimia 0.6 kwa aina hiyo hiyo. Mkulima wa Butajira na wastani wa nchi hizo 11 wako karibu sana.

Katika nchi hizo 11, hata hivyo, hapakuwa na moja ya Afrika. Na utafiti mkubwa wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021, wenye wagonjwa 41,917, ulikuwa wa watu wa asili ya Ulaya. Hapo nakubaliana na wanaonung'unika kwamba sayansi hii imetupita pembeni. Lakini kutohesabiwa si kutougua. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis ulianzishwa kujaza pengo hilo kwa kukusanya sampuli za maelfu ya watu Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, Kilifi na Eldoret zikiwa miongoni mwa vituo vyake. Ukialikwa kwenye utafiti wa namna hiyo, na umeelezwa vizuri damu au mate yako yatatumikaje, ningekushauri ufikirie sana kabla ya kukataa.

"Kijana wa siku hizi? Hizo ni bangi tu."

Bangi ina mkono wake. Tafiti zilizounganishwa mwaka 2015 zilionyesha kwamba anayeitumia huwa katika hatari kubwa zaidi, karibu mara tatu, ya kupata dalili za mania zisizokuwepo kabla. Kwa hiyo simtetei mvutaji.

Neno baya hapo ni "tu". Likishatamkwa, uchunguzi umekufa. Mtu anaweza kuvuta kwa sababu mania imeshaanza na kila kitu kinamvutia. Anaweza kuvuta na pia kuwa na baipola. Na anaweza kuwa hajawahi kuvuta kabisa, ila ana ugonjwa mwingine mwilini. Uganda ilitupa somo hapa. Mwaka 2006 Etheldreda Nakimuli-Mpungu, Seggane Musisi na wenzao waliwalinganisha wagonjwa 61 wa mania iliyohusishwa na VVU na wagonjwa 80 wa mania wasio na virusi. Wenye VVU walikuwa na umri mkubwa zaidi, wanawake wakiwa wengi, hasira nyingi zaidi, na kumbukumbu zao zimefifia zaidi. Katika kundi kama hilo tiba haiwezi kuishia kwenye kutuliza mihemko, kwa kuwa virusi navyo vinadai dawa zake. Mama wa miaka 45 ambaye hajawahi kuumwa akili wala ukoo wake hauna historia hiyo, kisha ghafla akaanza kuhubiri barabarani usiku, apimwe VVU, tezi ya shingo na mengineyo kabla jirani hajamtajia jina la adui yake.

"Kila mtu ana baipola, leo furaha kesho hasira."

Hapana. Kipimo kinachotumiwa na madaktari wengi kinadai mania idumu angalau wiki moja, au iwe kali kiasi cha kulazwa. Haipomania angalau siku nne mfululizo. Na mabadiliko yawe ya mwili mzima, usingizi, nguvu, mwendo, usemi, kiasi kwamba wanaomjua mtu wanasema huyu siye. Aliyegombana na mumewe asubuhi na kucheka mchana ana ndoa, hana baipola.

"Haipomania ni baraka, na dawa zitaua kipaji chake."

Dai hili nalipa nafasi kwa sababu huwa linatoka kwa wagonjwa wenyewe, na lina uchungu ndani yake. Anayekumbuka wiki alizoandika nyimbo kumi, akauza kuliko wafanyabiashara wote wa soko, akapendwa na kila mtu, ana haki ya kuzililia wiki hizo. Tena uhusiano na sanaa si uzushi. Simon Kyaga na wenzake nchini Sweden, katika tafiti za mwaka 2011 na 2013 zilizotumia kumbukumbu za taifa zima, walikuta wenye baipola wakiwa wengi kuliko ilivyotarajiwa katika kazi za ubunifu. Lakini ndugu zao wazima nao walikuwa hivyo hivyo. Jambo hilo linanifanya niamini kwamba kipaji hakihitaji ugonjwa ili kiwepo.

Sasa tazama bei yake. Lewis Judd na wenzake Marekani waliwafuatilia wagonjwa 86 wa baipola ya aina ya pili, ile ya haipomania bila mania kamili, kwa wastani wa zaidi ya miaka 13, wakiandika hali zao wiki baada ya wiki. Haipomania ilichukua asilimia 1.3 ya wiki hizo. Sonona ilichukua asilimia 50.3. Nusu ya maisha! Kwa aina ya kwanza, wagonjwa 146, sonona ilikuwa theluthi moja ya wiki na mania au haipomania chini ya asilimia 9. Anayeitwa na watu "yule mwenye wazimu wa furaha" anaishi sehemu kubwa zaidi ya umri wake gizani, na watu hawamwoni huko kwa kuwa gizani hatoki nje.

Kuhusu kipaji kufa, Schou aliwauliza wasanii 24 waliokuwa wakinywa lithiamu na akaandika majibu yao mwaka 1979. Kumi na wawili walisema wanazalisha zaidi kuliko zamani, sita hawakuona tofauti, sita walisema wamepungua. Hao sita wa mwisho siwafichi. Msanii anayehisi dawa imemfunga amweleze daktari ili kipimo kipunguzwe au dawa ibadilishwe, jambo linalowezekana kabisa. Kuiacha ghafla ndilo linaloleta maafa.

"Ana sonona, mpe dawa ya sonona, basi."

Hili ni la kwetu sisi tunaohudumia wagonjwa. Mtu huja kliniki akiwa chini, haji akiwa juu, kwa sababu akiwa juu anajiona mzima kuliko daktari. Katika uchunguzi mmoja wa wanachama wa chama cha wagonjwa Marekani, uliotolewa mwaka 2003, asilimia 69 walisema waliwahi kupewa jina la ugonjwa usio wao, mara nyingi sonona ya kawaida, na zaidi ya theluthi walisubiri miaka 10 au zaidi kabla ya kuambiwa ukweli.

Dawa za sonona hazifanyi kazi kwa wenye baipola inavyodhaniwa. Utafiti wa STEP-BD wa mwaka 2007, uliokuwa na wagonjwa 366 wa baipola walioko kwenye sonona na ambao wote walikuwa wakinywa dawa ya kutuliza mihemko, uliwaongezea wengine dawa ya sonona na wengine kidonge kitupu. Waliopata nafuu ya kudumu walikuwa asilimia 23.5 kwa dawa na 27.3 kwa kidonge kitupu. Na anayepewa dawa ya sonona peke yake, bila ya kutuliza mihemko, anaweza kurushwa moja kwa moja kwenye mania. Kinga yake ni swali lisilogharimu hata senti: je, umewahi kupita siku kadhaa ukilala kidogo sana bila kuchoka, ukawa na nguvu na mawazo mengi hadi watu wakashangaa? Ukilimaliza kwa mgonjwa, muulize na ndugu aliyemsindikiza. Huyo ndugu ndiye anayekumbuka pikipiki iliyouzwa.

"Lithiamu ni sumu, itamharibia figo."

Kuna ukweli, na kuuficha kungenifanya niwe mwongo kama wale ninaowajibu. Lithiamu iliua watu huko Marekani mwaka 1949 ilipouzwa kama chumvi mbadala kwa wagonjwa wa moyo, wakaimwaga kwenye chakula bila kipimo. Mgonjwa wa kwanza kabisa wa Cade, baada ya nafuu iliyostaajabisha, alikufa mwaka 1950 kwa sumu ya dawa hiyo hiyo. Kati ya kiasi kinachotibu na kinachodhuru nafasi ni finyu: damu hulengwa iwe na takriban milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, na ikipita 1.5 hatari imeingia. Ndiyo maana anayeitumia hupimwa damu, figo na tezi ya shingo mara kwa mara. Pasipo na maabara ya kupima, isianzishwe kienyeji, kuna dawa nyingine.

Pamoja na hayo, mkusanyiko wa majaribio 48 yenye washiriki 6,674, uliochapishwa mwaka 2013 na Andrea Cipriani na wenzake, ulionyesha waliopewa lithiamu walijiua kwa uchache kuliko waliopewa vidonge vitupu. Haki ni kusema pia kwamba jaribio la mwaka 2022 kwa wanajeshi wastaafu 519 wa Marekani halikuona tofauti hiyo. Kwa kuzuia mania isirudi, hata hivyo, bado sijaona dawa yenye rekodi ndefu na imara kuliko hii.

Mazingira yetu yana mitego yake. Kuhara, kutapika na jasho jingi la joto la pwani huipandisha lithiamu mwilini. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa dukani kwa maumivu ya mgongo, nazo huipandisha. Mikono ikitetemeka sana, miguu ikiyumba, ulimi ukiwa mzito, dawa isimamishwe na mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Wengi huuliza kuhusu Ramadhani. Utafiti mdogo wa Casablanca wa mwaka 2000 ulikuta karibu nusu ya wagonjwa 20 waliofunga wakiugua tena, wakati ule wa Peshawar wa mwaka 2010, wenye wagonjwa 62, haukuona madhara hayo. Katika zote mbili lithiamu ya damuni haikubadilika sana, na mimi nashuku zaidi kukesha kuliko njaa. Anayetaka kufunga akutane na daktari wake mwezi wa Shaabani, wapange saa za dawa na za kulala.

"Msimwoze, atazaa vichaa."

Pacha wa kufanana wana vinasaba vile vile, na bado mmoja akiwa na baipola, mara nyingi zaidi ya nusu mwenzake hana. Ugonjwa huu unatembea kwenye koo, hilo halina ubishi, lakini vinasaba vinavyohusika ni vingi sana na kila kimoja kina nguvu kidogo. Watoto wengi wa mzazi mmoja mwenye baipola hawataupata.

Hatari iliyo karibu zaidi humkabili mama mwenyewe, nayo haisemwi kwenye vikao vya posa. Uchambuzi wa mwaka 2016 ulikuta kwamba kati ya wanawake wenye baipola waliopitisha ujauzito bila dawa, asilimia 66 waliugua tena baada ya kujifungua. Kwa walioendelea na dawa ilikuwa 23. Na dawa gani ni swali zito. Valproeti, ambayo hugawiwa kwa wasichana wetu kama pipi kwa kuwa ni rahisi kupatikana, huleta kasoro za maumbile kwa takriban mtoto mmoja kati ya 10 waliokuwa tumboni, na matatizo ya ukuaji wa akili kwa watatu au wanne kati ya 10. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wasichana na wanawake wanaoweza kuzaa wasiandikiwe. Lithiamu nayo huongeza kidogo hatari ya kasoro za moyo kwa mtoto, kwa hiyo uamuzi ufanywe mapema, kabla ya mimba, akiwepo daktari na mume.

Kisha kuna usingizi. Tangu Thomas Wehr aandike mwaka 1987 kwamba kukosa usingizi ni njia ambayo mambo mengi hupitia kuelekea mania, hatuna kisingizio cha kumwacha mzazi huyo akikesha peke yake. Wakati wa kupanga arobaini, familia ipange pia nani atamchukua mtoto kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri kwa wiki za mwanzo, maziwa yatatoka wapi, nani anaijua dozi ya mama, na nani atapigiwa simu kwanza usiku atakaposema halali na wala hachoki.